Vibonzo vya Bondeni vyanifanya hakimu

Leo nakuomba radhi mapema, msomaji. Riwaya niliyoahidi kuichambua Jumapili hii itangoja hadi wiki ijayo, maana nimeletewa kesi, na aliyeileta ni dada yangu wa toka nitoke.

Jumamosi wiki mbili zilizopita aliingia nyumbani kwangu hapa Bondeni bila kupiga hodi. Anayemjua dada yangu anajua kwamba asipopiga hodi, kuna mtu atakayelia. Nilikuwa nimeketi na gazeti langu na kikombe cha chai ya tangawizi. Akanitupia mezani vijitabu viwili vidogo, vimekunjwa katikati na kubanwa kwa stepla, akasema, "Kaka, wewe ndiwe unayesifu vitabu vya watu kila Jumapili. Haya, sifu na hivi."

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanawe, yaani mpwa wangu, yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa. Mwezi uliopita alipewa shilingi 2,000 za safari ya shule. Siku ilipofika, basi lilijaa wenzake likang'oa nanga, yeye hayumo. Mwalimu alipopiga simu kuuliza kama mtoto ni mgonjwa, ndipo mama mtu alipojua kwamba pesa zile zilikwisha kugeuka karatasi. Kijana alikuwa amechora hadithi ya vibonzo ya kurasa 16, akaipeleka kwenye fotokopi, akatoa nakala na kuanza kuwauzia wanafunzi wenzake kwa shilingi 50 kila moja.

Dada alitaka nimwambie kijana, kama mjomba wake, aache upuzi na ashike vitabu. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayeipima njia ya kutorokea. Alisema maneno matatu tu: "Mjomba, soma kwanza."

Nikasema haya, nitasoma, na kwa kuwa kazi yangu ni hii, hukumu nitaitoa papa hapa ukurasani. Kijana alikubali kwa sharti moja, nisilitaje jina lake. Jina la kitabu nalo silitaji, wala si kwa siri, ila mwenyewe amekwisha kulibadilisha mara tatu tangu nianze kuandika makala haya.

Lazima nikiri jambo. Kwa miaka yote ya safu hii, vitabu vinavyofika mezani pangu huwa na kampuni nyuma yake. Kuna mhariri, kuna mchapishaji, kuna mtu wa kunipigia simu kuniuliza kama nimemaliza. Kitabu ambacho mtu amekichora mwenyewe, akakiandika, akakilipia na kukitembeza kwa mkono wake, hicho hakina wa kukisemea. Basi nikaketi nacho kama ninavyoketi na kingine chochote, kalamu nyekundu mkononi, nisijali kama mwandishi ni mpwa wangu au ni jirani.

Hadithi ni ya bondia mzee aliyestaafu, ambaye sasa ni bawabu wa usiku katika kinu cha kusagia unga. Vijana watatu wa mtaa humjia saa za jioni, naye huwafundisha ndondi chini ya balbu moja inayoning'inia mlangoni. Mmoja wao hana glavu, na mamake hataki kusikia habari za ngumi. Ndiyo yote. Kwa mkazi wa Nakuru hadithi kama hii haihitaji utangulizi. Huu ni mji wenye ukumbi wa ndondi uliopewa jina la Madison Square Garden, kwa mbwembwe zetu wenyewe, na wazee wa hapa wakianza kumtaja Philip Waruinge, aliyerudi na medali ya shaba kutoka Mexico mwaka wa 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka wa 1972, chai hupoa vikombeni. Kijana amechota kisima kilicho karibu na mlango wake. Hilo nilimpa alama kabla hata sijafungua ukurasa wa pili.

Na ukurasa wa kwanza, ama kweli, ni mzuri. Ni picha moja tu iliyojaza karatasi nzima. Mlango wa kinu, mzee ameketi juu ya gunia, na kila kitu kimefunikwa na unga: viatu, kofia, hata nyusi. Kijana ameuchora unga ule kwa kutochora chochote. Ameiacha karatasi nyeupe, kisha kila kisicho unga akakitia mistari myembamba ya kalamu. Mtu asiye na rangi wala mtambo wa kupigia chapa ana kitu kimoja cha bure, nacho ni weupe wa karatasi, na huyu ameutumia. Katika mji ambao watu hulihusisha jina lake lenyewe na vumbi, niliuona mlango ule nikataka kupiga chafya.

Lakini ukurasa wa sita unamwangusha. Hapo ni usiku, naye akachukua kalamu nono ya wino akaipaka anga yote nyeusi tititi. Kwenye karatasi yake ya asili nadhani ilipendeza. Fotokopi hata hivyo haina huruma na weusi mpana. Imetoka kijivu chenye mabaka, kama kaniki iliyofuliwa mara hamsini. Anayechora kwa ajili ya fotokopi sharti aujenge usiku kwa mistari inayokatana, mistari mingi, iliyokaribiana, wala asimwage wino. Ni kazi ya kuchosha mkono. Hakuna njia ya mkato.

Kurasa za 10 hadi 12 ni za mapigano, na hapa ndipo kijana alipodhani ametia fora. Kwa maoni yangu ndizo kurasa dhaifu kuliko zote. Yeye na wenzake husoma vibonzo vya Kijapani kwenye simu, na nimeona alikojifunzia: macho makubwa kama visahani, mistari ya kasi inayoruka pande zote, na bondia wa Bondeni mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu. Si vibaya kujifunza kutoka kwa Wajapani, maana hakuna taifa linalosoma vibonzo kama wao. Ubaya ni kwamba mabondia hawa hawakanyagi chini. Hakuna sakafu, hakuna kivuli, hakuna unga unaotimka mguu ukisogea. Mlango wa ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hapa kwetu, lakini ngumi za ukurasa wa kumi hazina anwani.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa ukurasa wa tisa, maana huo ndio ulionizuia nisitoe hukumu ya haraka.

Una visanduku vinne, na hakuna neno hata moja. Katika kisanduku cha kwanza kuna meza, na juu yake mafungu mawili ya pesa. Hatumwoni mama, tunaona mikono yake tu. Katika cha pili, mkono umetoa noti moja katika fungu kubwa na kuiweka katika fungu dogo. Katika cha tatu, noti ile ile imerudishwa ilikotoka. Katika cha nne taa imezimwa, na mafungu mawili yako pale pale gizani.

Msomaji, nilikitazama kile kisanduku cha tatu kwa muda mrefu. Hakuna machozi, hakuna mtu aliyeshika tama. Lakini kati ya kisanduku cha pili na cha tatu, katika ule ufito mweupe usiofika upana wa kidole, kuna mama aliyeketi akafikiri, akahesabu kodi ya nyumba, akahesabu unga, akaghairi. Hayo hayakuchorwa, ni mimi niliyeyatia. Na huo ndio ufundi wa vibonzo hasa, nao haumo katika uzuri wa pua na masikio. Mchoraji huchagua nukta mbili, na msomaji huvuta mstari kati yake. Nukta zikiwa karibu mno, msomaji husinzia. Zikiwa mbali mno, hupotea njia. Wapo watu waliosomea uchoraji miaka mingi wasioujua umbali huo, na huyu wa Kidato cha Tatu ameupata, angalau mara moja, katika ukurasa mmoja.

Kisha akauharibu! Juu ya ukurasa wa kumi ameweka kijisanduku cha maelezo kinachosema kwamba mama hakuwa na pesa za kutosha. Nilipigia kalamu nyekundu mara mbili. Kwa nini umtafunie mtu chakula ilhali ana meno? Nilipomuuliza alijikuna kisogo akasema, "Niliogopa hawataelewa, Mjomba." Nikamwambia woga huo nami ninao kila Alhamisi ninapoandika safu hii, na kila mara huwa nimeongeza aya ambayo mhariri huikata.

Kuhusu kueleweka, tulifanya jaribio. Mamangu mzazi, ambaye ni nyanya yake kijana, huuza viazi karai na mandazi hapa mtaani, na hajawahi kusoma kitabu cha vibonzo maishani mwake ila vile vya gazetini. Tukampelekea. Akavaa miwani, akapangusa mikono kwa leso, akaanza. Kurasa nne za kwanza alienda vizuri, mara moja moja akicheka. Alipofika ya tano akasita.

"Mbona huyu anajibu kabla ya kuulizwa?"

Tukainama kutazama. Katika kisanduku kile mzee anauliza na mvulana anajibu. Maneno yao yamo katika viputo, yale maduara yenye mkia unaoelekea mdomoni mwa msemaji. Kiputo cha swali kilikuwa kulia, cha jibu kilikuwa kushoto. Nyanya, kama mtu yeyote aliyefundishwa kusoma Kiswahili kwa herufi hizi, alianza kushoto. Hapo ndipo kijana alipopigwa na butwaa, akakumbuka: vibonzo vya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mkono wake ulikuwa umeizoea mipangilio ile bila yeye kujua. Wanafunzi wenzake hawakuona kosa, kwanza kwa sababu nao husoma vitabu hivyo hivyo, pili kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesimama karibu akiwaeleza. Lakini kitabu kikishauzwa kitasomwa ndani ya matatu ya kwenda Njoro, na mchoraji hatakuwamo kumwambia abiria aanzie wapi.

Ukitaka kujua kama kibonzo chako kinasomeka, usimpe rafiki yako. Mpe nyanya yako, kisha unyamaze.

Jambo jingine nililoliona katika viputo ni la lugha yetu wenyewe, nami sijawahi kulisikia likizungumzwa sana. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Sentensi nzima ya Kiingereza yenye maneno manne au matano, sisi tunaifunga katika neno moja. Chukua "hatutawaruhusu": herufi 14, na ndani yake mna mwenye kutenda, wakati, anayetendewa, na ukanushi juu. Kwa mshairi hiyo ni neema. Kwa mchora vibonzo ni balaa, maana kiputo ni chembamba na neno halikatiki penye nafasi kwa kuwa nafasi haipo. Kijana alifanya wafanyavyo wengi: alipofika ukingoni akaanza kubana herufi, zikawa ndogo, zikalaliana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kukata neno penye silabi, na hapo Kiswahili hutusamehe, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na jicho halikwami. Ya pili, iliyo bora, ni kuandika maneno kwanza na kuchora kiputo baadaye. Yeye alichora viputo vyote, akavitia wino, ndipo akaanza kufikiri watu wake waseme nini. Ni sawa na kununua viatu kabla ya kupima mguu.

Je, wahusika wazungumze Sheng? Wasomaji wengine wa safu hii wataniandikia barua za hasira, lakini mimi sioni ubaya vijana wa hadithi wakizungumza kama vijana wa Bondeni, mradi bawabu mzee azungumze kama mzee. Kijana amelitenda hilo vizuri. Kila mtu ana ulimi wake. Shujaaz walikwisha kuonyesha njia. Jarida hilo lilianza mwaka wa 2010, kisa cha Boyie na kituo chake cha redio cha siri, likiandikwa kwa Sheng, likagawiwa bure pamoja na gazeti la Jumamosi na katika vibanda vya M-Pesa, na mwaka wa 2012 likapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mpwa wangu alikulia kwenye nakala kuukuu za kakake.

Ila nilimwonya asijilinganishe. Shujaaz lilikuwa na waandishi, wachoraji, watia rangi na wafadhili wa kulipia kiwanda. Yeye ana biro, rula ya plastiki iliyovunjika ncha, na meza ya jikoni. Anayejitegemea sharti ajue kazi zote za wale watu, pamoja na kazi moja ambayo hakuna anayeitaja kwa sababu si ya sanaa: kupanga kurasa.

Hapa ndipo pesa zilipopotelea. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Kitabu cha kurasa 16 basi ni karatasi nne, zikipigwa pande zote mbili. Kijana alizipanga kurasa zake kwa mfululizo: ya kwanza na ya pili upande mmoja, ya tatu na ya nne upande wa pili, na kuendelea hivyo. Akatoa nakala 15, akakunja, akabana, akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umelala nyuma kabisa, wa pili ndio uliokuwa jalada, na bondia alishinda pigano kabla ya kujifunza kurusha ngumi. Nakala zote 15 zikaenda kuwashia jiko.

Ufunguo ni huu, na mwanafunzi yeyote anayesoma makala haya na kutamani kujaribu aukate auweke. Kwa kitabu cha kurasa 16, kurasa mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi lazima jumla yake iwe 17. Ya 16 na ya 1 upande mmoja, ya 2 na ya 15 nyuma yake. Karatasi inayofuata, 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma yake 6 na 11. Ya mwisho 10 na 7, na nyuma yake 8 na 9, ambazo ndizo zinazokaa katikati, penye stepla. Kabla ya kuchora hata mstari, kunja karatasi nne tupu, ziandike nambari, zifungue uone. Gharama yake ni dakika tano.

Kijana alilijua hilo baada ya kuunguza shilingi 600. Hesabu yake ilikwenda hivi. Fotokopi ilikuwa shilingi 5 kwa kila upande, kwa hiyo kitabu kimoja, pande nane, kilimgharimu shilingi 40. Nakala 15 zilizoharibika ni 600. Zilizobaki, 1,400, zikatoa nakala 35. Hata angeziuza zote kwa 50 angepata 1,750, bado ana deni. Lakini aliuza 19, akapata 950. Sita aliwagawia marafiki "wa kunitangazia," na msomaji aliyewahi kufanya biashara yoyote anajua matangazo ya aina hiyo huishia wapi. Kumi zimebaki.

Nilipomsomea dada hesabu hii, alinyoosha kidole kama wakili aliyeshinda. "Unaona? Niambie, kaka, ni nani aliyewahi kula kwa vibonzo?"

Swali lake ni la haki, nami nilitaka kulijibu bila kumpamba mtu. Wapo waliokula, lakini wengi walikula mezani pa gazeti. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, na wengi wetu tulijifunza kusoma tukimfuata juha huyo. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na Nation mwaka wa 1992. Frank Odoi alitoka Ghana akaja kuishi Nairobi, akatupa Akokhan na uchawi wake, na kile kichekesho chake cha Golgoti. Aliaga dunia mwaka wa 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi.

Waliojitegemea hadithi yao ina mashimo zaidi. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja kufundisha sanaa humu nchini, walianzisha jarida la Joe, la vichekesho na vibonzo vya mtu wa kawaida wa mjini. Lilipendwa kweli kweli. Lilifika 1979, likafunga. Hirst hakuweka kalamu chini. Miaka ya 1980 akawa katika mfululizo wa Pichadithi, uliotia ngano zetu katika visanduku, Lwanda Magere miongoni mwao. Jina lenyewe, picha na hadithi zilizounganishwa likawa neno moja, hadi leo nalionea wivu. Kisha mwaka wa 1996 kampuni changa ya Sasa Sema ikaanza kuchapisha vitabu vya vibonzo, na Abunuwasi wa Gado alikuwa miongoni mwa vya mwanzo.

Lakini niliyemtaja kwa dada kwa kirefu ni mtu wa mbali kidogo, kwa sababu hali yake ilifanana zaidi na ya kijana wetu. Huko Kinshasa, mwaka wa 1990, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'Eto wa Kwanza alianza kutoa vijitabu vyake mwenyewe. Yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mchoraji, yeye ndiye mchapishaji. Karatasi duni, wino mmoja. Hakuandika Kifaransa cha shuleni, bali Kilingala cha barabarani. Na hakutafuta mashujaa wa ng'ambo. Alichukua uvumi uliokuwa ukizagaa mjini, wa mtu aliyejigeuza joka akammeza mwanamke kisha akatapika pesa, akauchora. Kikavuma Kinshasa nzima. Mtu aliyekuwa ameusikia uvumi ule sokoni, sasa aliweza kuununua na kwenda nao nyumbani.

"Kwa hiyo mwanangu achore majoka?" dada akauliza.

La hasha. Nilichomwambia ni kwamba kijana tayari anayo hadithi ya kwao, kwa lugha ya kwao. Asichonacho bado ni subira ya kuandika kabla ya kuchora, na heshima kwa pesa ambazo si zake.

Basi hukumu yangu ni hii, nami niliisoma mbele ya wote watatu, nyanya akiwa mwenyekiti. Kosa la shilingi 2,000 ni kosa. Pesa zilitolewa kwa kazi moja zikafanya nyingine, na hilo halioshwi na mchoro mzuri. Hizo 950 alizozipata amrudishie mamake leo hii, na 1,050 zilizobaki atazilipa kwa kumenya viazi vya nyanya yake kila Jumamosi asubuhi na kwa zile nakala kumi, asiwagawie tena matangazo. Toleo la pili ruksa, likizo ya Agosti, si kabla, na kwa pesa za toleo la kwanza pekee. Kijisanduku cha ukurasa wa kumi kifutwe. Mabondia wapewe sakafu.

Kijana aliitikia yote kwa kichwa. Dada hakuitikia chochote. Ndipo nilipogundua jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu siku ile ya kwanza: alikuwa amevibeba vile vijitabu wiki nzima katika mkoba wake, na hakuwa amekifungua hata kimoja.

Nikamfungulia ukurasa wa tisa. Nikakumbuka ushauri wangu mwenyewe, nikanyamaza.

Alikaa nao. Nyanya aliinuka kwenda kugeuza mandazi, akarudi, na dada bado alikuwa ameinama. Mwishowe alitia kidole juu ya kisanduku cha kwanza, akamtazama mwanawe.

"Kitambaa cha meza yangu kina maua," alisema. "Hiki chako kina mistari."

Kijana akasema maua yalimshinda kuchora.

"Basi njoo nyumbani ukitazame vizuri," dada akasema, akakitia kijitabu kimoja mkobani. Hakukilipia. Nimekiandika katika hesabu, zimebaki tisa.